Utando wa NbN wa nm 15 juu ya MgO: σ1 haishuki chini ya pengo kwenye K 5, na σ2 inatoka hasi

TandoNyembamba

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa waliozoea kupima tando za superkondakta kwa mawimbi ya terahezi. Ninachotafuta ni upitishaji umeme σ wa utando: σ1 ni sehemu yake halisi, σ2 ni sehemu ya kufikirika, σn ni thamani yake katika hali ya kawaida, yaani juu ya Tc (joto la kugeuka superkondakta). Pengo, 2Δ, ni nishati ndogo kabisa inayovunja jozi ya elektroni za superkondakta.

Sampuli ni niobi nitridi (NbN) yenye unene wa nm 15, imepakwa kwa sputa juu ya kibao cha MgO cha mm 10 × 10, unene mm 0.5. Ukinzani kwa njia ya nukta nne ni omu 133 kwa mraba kwenye K 20, na unaporomoka hadi sifuri kwenye K 15.0. Mporomoko wenyewe ni mkali, wote uko ndani ya K 0.3.

Kifaa ni spektroskopia ya terahezi ya muda: leza ya femtosekunde, antena za GaAs upande wa kurusha na wa kupokea, bendi inayotumika THz 0.2 hadi 2, njia yote ndani ya boksi la nitrojeni. Kriostati ni ya mtiririko wa heliamu, madirisha ya kwatzi. Rejeo ni kibao kitupu cha MgO kutoka pakiti ileile, kimekaa kwenye tundu la pili la kishikilia sampuli. Napima kimoja, nasogeza kishikilia, napima kingine.

Hesabu: fft (badiliko la Fourier, kutoka muda kwenda frikwensi) ya numpy, maktaba ya Python, kwa mipigo yote miwili, nagawanya, halafu naingiza kwenye fomula ya Tinkham:

t = (n+1) / (n+1 + Z0·σ·d), ambapo t ni uwiano wa mipigo hiyo, d ni unene wa utando, n = 3.1 (fahirisi ya mpindo ya MgO) na Z0 = omu 377 (ukinzani wa ombwe)

Ninachopata kinanisumbua. σ2 kwenye K 5 ni hasi bendi nzima. Kwenye K 20, ambako ilipaswa kuwa sifuri, σ2 ni mstari ulionyooka unaopanda na frikwensi hadi kama 0.3 ya σn kwenye THz 1. σ1 kwenye K 5 haishuki hadi sifuri chini ya pengo: kwenye THz 0.5 bado iko kama robo ya σn. Juu ya yote kuna mawimbi madogo yanayojirudia kila THz 0.1, na chini ya THz 0.3 σ2 inalala badala ya kuendelea kukua kama 1/ω.

Je, utando ni mbovu, au kipimo ndicho kibovu?

---

Fezi180

Hilo la alama ndilo jepesi. fft ya numpy inazidisha ishara kwa exp(−iωt) kabla ya kujumlisha, maana yake kila frikwensi inahesabiwa kuwa inatetemeka kama exp(+iωt). Katika desturi hiyo upitishaji huandikwa σ1 − iσ2. Vitabu vingi vya fizikia ya yabisi hutumia desturi ya pili, yenye σ1 + iσ2. Tumia np.conj (konjugeti, yaani kugeuza alama ya sehemu ya kufikirika) kwenye t mara tu baada ya kugawanya, kabla ya kuingia kwenye fomula. Usigeuze alama ya σ2 mwishoni kwa mkono. Ukifanya hivyo leo, kesho utaongeza sahihisho la fezi mahali pengine kwenye programu na alama itakuponyoka tena.

Kuna namna ya kuhakiki bila kitabu. Chini ya pengo, utando wa superkondakta kwa wimbi ni kama koili iliyofungwa kukatiza waya mbili za umeme: frikwensi za chini zinazuiwa zaidi, za juu zinapita, na fezi ya kinachopita inatangulia. Chora mpigo wa K 5 na wa K 20 kwenye grafu moja ya muda. Wa K 5 unatakiwa kuwa mdogo, mkali zaidi, wenye sura ya kasi ya mabadiliko (derivative) ya mpigo wa awali, na kilele chake kitangulie. Kwa utando wako, fezi kwenye THz 0.5 inapaswa kutangulia kwa takriban digrii 70, sawa na ps 0.39. Kiasi hicho kinaonekana kwa macho. Kama mpigo wa K 5 umechelewa, hapo tatizo si numpy.

---

Mwangwi_wa_Pili

TandoNyembamba, utando wako ni mzima. Ukinzani unaoporomoka ndani ya K 0.3 hautoki kwenye utando mbovu. Kinachokudanganya ni unene wa vibao, na dalili ulizotoa zinatosha kupata hata tofauti yenyewe.

Fomula uliyoandika inachukulia kwamba kibao chenye utando na kibao cha rejeo vina unene uleule kabisa. Kama vinapishana kwa ΔL, t unayopima imezidishwa na kipande cha fezi:

φ = 2πf · (n−1) · ΔL / c

Kwa MgO, n−1 ni 2.1. Kwa hiyo kila µm 1 ya tofauti ni radiani 0.044 kwenye THz 1. Inaonekana ndogo. Vibao vya pakiti moja hupishana kwa µm 10 bila muuzaji kuvunja ahadi yoyote aliyoandika kwenye karatasi yake, na µm 10 ni radiani 0.44, yaani digrii 25.

Sasa tazama inavyoingia kwenye majibu yako. Geuza fomula:

Z0·σ·d = (n+1) · (1/t − 1)

Kwenye K 20, Z0/Rs (Rs ni ukinzani wako kwa mraba) = 377/133 = 2.83, kwa hiyo 1/t ni 1 + 2.83/4.1 = 1.69, namba halisi tupu. Izungushe kwa fezi ya uongo ya radiani 0.13 (ndiyo µm 3 kwenye THz 1) na unapata sehemu ya kufikirika ya 0.22. Zidisha kwa 4.1, gawa kwa 2.83: 0.32 ya σn. Ndio mstari wako wa "kama 0.3 kwenye THz 1", na ni mstari ulionyooka kwa sababu φ inakua sawia na f.

Kwenye K 5 mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu σ2 ni kubwa na σ1 ni ndogo, na fezi ya uongo inamwaga kubwa ndani ya ndogo. Kwa NbN chukua 2Δ ≈ 4.1 kB·Tc (kB ni namba thabiti ya Boltzmann). Hii ni superkondakta ya muungano wenye nguvu, ile 3.53 ya BCS (nadharia ya msingi ya superkondakta) haiifai. Kwa Tc ya K 15 unapata 2Δ ya meV 5.3, ambayo ni THz 1.28. Mattis–Bardeen (nadharia ya 1958 inayotoa σ1 na σ2 za superkondakta) kwenye THz 0.5 inatoa σ2/σn ya karibu 3.9, hivyo 1/t ya kweli ni 1 + 2.67i. Fezi ya µm 3 kwenye THz 0.5 ni radiani 0.066. Sehemu halisi inaongezeka kwa 2.67 × 0.066 = 0.176, na ukiigeuza kuwa upitishaji ni 0.26 ya σn. Ndiyo robo yako. Inayostahili kuwepo ni ndogo sana: kwenye K 5 kipimo cha exp(−Δ/kBT) ni kama 0.002, hivyo chini ya pengo σ1 inapaswa kubaki chini ya asilimia mbili ya σn.

Mwelekeo nao unakubaliana. Ukishachukua konjugeti kama Fezi180 alivyosema, σ2 ya K 20 itashuka chini ya sifuri na σ1 ya K 5 imebebwa juu. Hizo mbili kwa pamoja zina maana moja: kibao chenye utando ni kinene kuliko rejeo. Kingekuwa chembamba, ungepata σ1 hasi kwenye K 5, na hapo angalau ungeshtuka mapema. Kosa la upande huu ndilo la hatari, kwa sababu linafanana na fizikia ya kweli. Mtu anaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu elektroni ambazo hazijaungana jozi kumbe anaeleza µm 3 za MgO.

Usikimbilie maikromita ya mkono. Hiyo inasoma µm 1 kwa shida, na unahitaji bora ya hapo. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kutafuta ΔL kutoka kwenye data za K 20 zenyewe. Muda wa elektroni za NbN kati ya mgongano na mgongano ni femtosekunde chache tu, hivyo hadi THz 2 upitishaji wa hali ya kawaida ni namba halisi na bapa. Tafuta ΔL inayofanya sehemu ya kufikirika ya σ kwenye K 20 iwe sifuri kati ya THz 0.4 na 1.5, kisha tumia ΔL hiyohiyo kwenye nyuzijoto zote. Usiitafute upya kwa kila nyuzijoto, maana kwenye K 5 itakula σ2 ya kweli. Halafu linganisha σ1 ya K 20 na ukinzani wako wa nukta nne. Vikikubaliana ndani ya asilimia 5, endelea. Visipokubaliana, kasoro ipo kwenye kimo cha mpigo, si kwenye fezi, na ΔL haitaiponya.

Ya pili naipenda zaidi: acha kabisa kibao cha rejeo. Tumia utando wenyewe kwenye K 20 kuwa rejeo la utando kwenye K 5:

R = E(K 5) / E(K 20) = (n+1 + Z0/Rs) / (n+1 + Z0·σ·d)

kwa hiyo kwako Z0·σ·d = 6.93/R − 4.1, na ukigawa kwa 2.83 unapata σ/σn moja kwa moja. Unene wa kibao umejifuta, madirisha yamejifuta, na hukusogeza chochote. Kinachobaki kutoka nje ni Rs tu, ambayo tayari unayo. Matarajio: kwenye THz 0.5, ukubwa wa R ni 0.59 na fezi inatangulia digrii 70. Kwenye pengo lenyewe, THz 1.28, σ1 ni karibu sifuri na σ2 ni sawa na σn, hivyo R inafika karibu 1.39 na fezi ya digrii 35. Kile kilima cha kupita 1 ni alama njema. Hapo utando uliopoa unapitisha mawimbi mengi kuliko ukiwa metali ya kawaida, jambo ambalo Glover na Tinkham walilionyesha kwa tando za risasi na bati miaka ya 1950, kabla hata nadharia ya BCS haijakamilika.

---

TandoNyembamba

Nashukuru sana. Nikijaribu µm 3 kwenye data za K 20, mstari unalala kwenye sifuri. Maswali mawili: kwa nini nisitumie kipimo cha K 300 kuwa rejeo, ambacho ninacho tayari chenye kelele ndogo? Na yale mawimbi ya kila THz 0.1?

---

Mwangwi_wa_Pili

K 300 haifai. Fahirisi ya mpindo ya MgO inashuka kwa karibu asilimia 2 kutoka joto la chumba hadi K 5. Kwenye kibao cha mm 0.5 huo ni mchepuko wa karibu fs 100, karibu mara tano ya kosa unaloliponya sasa. Pia fimbo ya kriostati inasinyaa na tundu linahama mbele ya mwali. Kati ya K 20 na K 5 shaba haisinyai kwa kiasi cha kupimika na MgO haibadiliki, ndiyo maana jozi hii inafaa. Usikaribie Tc mno pia: kwenye K 15.5 tayari kuna mitetemo ya superkondakta inayochafua σn. K 18 hadi 20 ni salama.

Mawimbi ya kila THz 0.1 ni mwangwi wa ndani ya kibao. Mpigo unakwenda na kurudi ndani ya mm 0.5 ya MgO kwa ps 10.3, na kinyume cha ps 10.3 ni THz 0.097. Hauwezi kujifuta kwa kugawanya, kwa sababu upande mmoja mwangwi unagonga utando, na utando wa K 5 unarudisha mawimbi tofauti na wa K 20. Kata ishara kabla ya mwangwi, kama ps 9 baada ya kilele, kwa ukingo laini wa ps 1 badala ya kukata wima. Kata rekodi zote mahali palepale kwenye mhimili wa muda.

Gharama yake ni kwamba ukali wa frikwensi unabaki kama THz 0.1. Kujaza sifuri kabla ya fft kunapendezesha mchoro, hakuongezi habari. Kwa sampuli ijayo agiza MgO ya mm 1 au 2: kwa mm 1 mwangwi unakuja ps 20.7 na ukali unakuwa THz 0.05.

Tukiwa kwenye vibao: yakuti inafaa lakini inapinda mwanga kwa namna mbili, n ikiwa karibu 3.07 upande mmoja na 3.41 upande mwingine, hivyo chagua iliyokatwa c, ama sivyo lazima upangilie mhimili na polaraiza. Silikoni iwe ya ukinzani mkubwa, zaidi ya kΩ·cm 10. SrTiO3 iache kabisa kwa kazi hii. Permitiviti yake inapita 10,000 kwenye baridi, na mawimbi hayatapita.

---

BaridiK4

Naongezea lile la chini ya THz 0.3, halijajibiwa. Huo ni uvujaji pembeni ya sampuli.

Kwenye THz 0.2 urefu wa wimbi ni mm 1.5. Ukitumia vioo vya kukusanya vyenye uwiano wa 2 kati ya umbali wa fokasi na kipenyo cha mwali, doa kwenye fokasi lina kipenyo cha karibu mm 4, na mikia yake inafika mbali zaidi. Kama tundu la kishikilia ni mm 5 na nyuma yake kuna nafasi kati ya shaba na ukuta wa kriostati, sehemu ya wimbi inazunguka. Wakati huohuo utando wako kwenye frikwensi hiyo unapitisha kidogo mno: σ2/σn ni karibu 10, na t ni 0.14 tu ukilinganisha na kibao kitupu. Uvujaji wa asilimia 2 ya rejeo, ambao kwenye THz 1 hata huuoni, hapa ni sehemu ya saba ya ishara yako nzima. Nao hauna fezi ya utando, hivyo unaharibu σ1 na σ2 zote mbili, na kulingana na fezi yake unaweza kuilaza σ2.

Jaribio lake ni la dakika kumi: weka kipande cha shaba badala ya sampuli, au funga tundu kwa karatasi ya alumini, kisha pima. Inayobaki ndiyo uvujaji. Ikizidi sehemu moja ya mia ya t uliyotarajia, ziba. Bamba la shaba lenye tundu la mm 6 lililobanwa juu ya sampuli, ukingo wote ukiwa umejazwa foili ya indiamu, linatosha mara nyingi. Usipunguze tundu hadi mm 3 ukidhani unasaidia: tundu lenyewe litaanza kukata frikwensi za chini. Uvujaji ukikataa kuisha, tupa kila kitu chini ya THz 0.3 na useme hivyo kwenye maelezo ya mchoro. Usijaribu kuutoa kwa hesabu, maana fezi yake inabadilika kila ukisogeza kitu.

La pili ni joto halisi la utando. Kipimajoto kilichofungwa kwenye kichwa cha kriostati kinasoma joto la kichwa. Sampuli inatazamwa na madirisha ya K 300 pande zote mbili. Kibao kikikaa kikavu juu ya shaba, tofauti ya K 2 au 3 ni jambo la kawaida. Paka tabaka jembamba la grisi ya Apiezon N pembeni mwa kibao, nje ya tundu, na weka kipimajoto cha pili kwenye bamba la mbele, upande wa pili wa sampuli. Kama kriostati inaruhusu gesi ya heliamu kuzunguka sampuli, hilo linashinda grisi yoyote. Hakiki kwa terahezi yenyewe: panda K 0.2 kwa K 0.2 karibu na Tc ukitazama kilele cha mpigo. Kikiacha kubadilika K 14 kwenye kipimajoto wakati ukinzani ulisema K 15, utando wako una joto la K 1 zaidi ya unavyodhani.

Unyevu je? NbN ina bahati mbaya: mistari ya mvuke wa maji iko pale pale penye pengo. THz 1.097, 1.113 na 1.163 zimesongamana, kisha 1.208 na 1.229, na chini zaidi 0.557, 0.752 na 0.988. Nitrojeni inapovuja katikati ya kipimo, "pengo" lako litaonekana THz 1.1 au 1.2 na utaandika uwiano wa 2Δ/kBTc usio wako. Rekodi unyevu pamoja na kila mpigo. Subiri ushuke chini ya asilimia 1 na usimame hapo. Nyote mnaofanya kazi hii Dar au Mombasa, au popote penye hewa ya pwani, hesabuni saa nzima ya kupuliza kabla ya mpigo wa kwanza.

---

Fezi180

Nyongeza kwa BaridiK4: mchepuko wa leza. Njia ya rejeo-binafsi inaondoa unene lakini haiondoi muda. Kusogea kwa fs 10 kati ya kipimo cha K 20 na cha K 5 ni radiani 0.03 kwenye THz 0.5, na kwa hesabu ya Mwangwi hiyo ni σ1 ya uongo ya 0.12 ya σn. Mita 1 ya alumini hurefuka µm 23 kwa kila digrii 1 ya joto la chumba, sawa na fs 77. Kwa hiyo usipime K 20 asubuhi na K 5 jioni. Pima K 20, K 5, K 20, K 5, K 20, na utupe seti yoyote ambayo vipimo viwili vya K 20 vinapishana kwa zaidi ya fs 2 hadi 3.

---

Omu_kwa_Mraba

Samahani, lakini naona wote mnaikubali fomula ya Tinkham bila swali. Ni ya kukadiria. Kwa kazi makini si bora kutumia matriki kamili ya tabaka?

---

Mwangwi_wa_Pili

Swali zuri, na jibu lake lina namba. Fomula inahitaji unene uwe mdogo mbele ya kina cha upenyaji. Kwa utando mchafu kama huu kina hicho ni

λ = √( ħρ / (π·μ0·Δ) )

ρ ni omu 133 × nm 15, yaani µΩ·cm 200, na Δ ni meV 2.65. Unapata nm 355. Uwiano d/λ ni 0.042, na kosa la fomula linakwenda na mraba wa uwiano huo: chini ya asilimia 0.2. Kelele yako haifiki huko. Kwa utando wa nm 200 uwiano ni 0.56, mraba wake 0.3, na hapo nakubaliana nawe kabisa, matriki ni lazima. Kati ya nm 5 na 40 fomula ni salama kwa NbN yenye ukinzani wa aina hii. Alumini au risasi safi ni habari nyingine, maana hata Mattis–Bardeen yenyewe haiwafai wasipokuwa wachafu. Huko tumia fomula za Zimmermann na wenzake (1991), zinazobeba muda wa mgongano kama kigezo.

Pia matriki haiponyi ΔL. Ukiipa unene usio sahihi, itakurudishia σ isiyo sahihi.

---

TandoNyembamba

Nimepima upya kwa rejeo-binafsi na kuziba kingo kwa indiamu. σ1 kwenye THz 0.5 sasa iko chini ya 0.04 ya σn, σ2 inafuata 1/ω hadi THz 0.25. Mwisho: natoaje Δ na λ kwa uhakika? Nilikuwa nasoma Δ kwa macho mahali σ1 inapoanza kupanda.

---

Fezi180

Kwa macho hapana, kwa sababu ukali wako ni THz 0.1 na mpando wa σ1 una mviringo. Linganisha Mattis–Bardeen na R changamano yenyewe, ukubwa na fezi kwa pamoja, si na σ1 na σ2 ulizokwisha kuzitoa. Kelele kwenye R ni ya kawaida na inajulikana. Ikishapita kwenye kinyume cha R inapotoka, hasa chini ya THz 0.4 ambako R ni ndogo. Funga Rs, funga T, acha Δ peke yake huru. Pitisha nadharia kwenye dirisha lilelile la ps 9 ulilokatia data: zidisha R ya nadharia na spektra ya K 20, rudi kwenye muda, kata, rudi kwenye frikwensi. Ukiruka hatua hiyo Δ itavutwa na mviringo wa dirisha.

Rudia kwenye K 5, 8, 10, 12, 13 na 14, na uone kama Δ(T) inafunga kwenye Tc ileile ya ukinzani. Karibu na 0.85 ya Tc, σ1 kwenye frikwensi za chini inapaswa kupanda juu ya σn kidogo kabla ya kuanguka. Hicho ni kilele cha mshikamano, usikifute ukidhani ni kosa.

λ inatoka kwenye σ2 ya frikwensi za chini: 1/λ² = μ0·ω·σ2. Chora ω·σ2 kati ya THz 0.3 na 0.6. Inapaswa kuwa karibu bapa, ikishuka taratibu kadiri unavyokaribia pengo. Kwako σ2 ya S/m milioni 2 kwenye THz 0.5 inarudisha karibu nm 360. Ukihitaji induktansi ya kinetiki kwa ajili ya kubuni kitambuzi, ni ħRs/(πΔ), karibu pH 10.5 kwa mraba.

Usijaribu kufunga hesabu ya eneo lililopotea chini ya σ1. Kwa superkondakta mchafu eneo hilo ni sawa na σn mara karibu 2.5 ya upana wa pengo, hivyo linaenea mbali juu ya THz 1.28, na bendi yako inaishia THz 2. Linganisha na nadharia iliyojumlishwa hadi mpaka uleule.

---

BaridiK4

Kabla hujaamini Δ, jaribu jambo moja: punguza nguvu ya terahezi kwa nusu, kwa polaraiza mbili za waya, uone kama R imebaki ileile. Antena za GaAs ni dhaifu na kwa kawaida hazisumbui. Ila mtu akichukua maelekezo haya na kuyatumia kwenye chanzo cha LiNbO3 chenye uga wa makumi ya kV/cm, mpigo wenyewe unavunja jozi za elektroni. Matsunaga na Shimano na wenzao walijenga uchunguzi mzima wa NbN juu ya tabia hiyo kuanzia 2012. Hapo R inategemea nguvu, na Mattis–Bardeen ya usawa haina la kusema.

Na kama chanzo ni kioo cha ZnTe, zuia mwanga wa nm 800 uliobaki usifike kwenye utando. Tumia polithini nyeusi, tabaka mbili. Kipande cha silikoni kinauzuia pia, lakini mwanga huo unazalisha elektroni ndani yake na zinaanza kunyonya terahezi unayoipima.

---

TandoNyembamba

Polaraiza ninayo moja. Naazima ya pili kesho, nitaanza na K 5 na K 13.

---

BaridiK4

K 13 iwe na hatua za muda ndogo zaidi, fs 20. Karibu na Tc tofauti kati ya mipigo ni ndogo na utahitaji wastani wa rekodi nyingi: mara 30 angalau, ukipishanisha na K 20 kila baada ya 5.